Sanduku la Lita 35: Ubora wa Ujenzi kwa Kampuni Ndogo za Salamabila

Salamabila ni mji wa dhahabu, na mji wa dhahabu haujengwi kwa subira. Uko kusini mwa Maniema, katika teritwari ya Kabambare, ubavuni mwa vilima vya Namoya, ambako Wabelgiji walichimba enzi za ukoloni na ambako kampuni ya Kanada, Banro, ilikuja na mitambo mipya katika karne hii. Aliyepata pesa shimoni anataka nyumba kabla pesa haijamponyoka. Shule iliyopata mfadhili inataka madarasa kabla ya Septemba. Mwenye duka anataka mabati yawe juu kabla ya mvua. Wanaoitikia haraka hizi zote ni kampuni ndogo: mwenye kampuni, kapita wake anayewaongoza mafundi, mafundi wanne au watano, na vibarua wanaopatikana asubuhi hiyo hiyo. Je, kampuni za namna hii zinaweza kuzishika mbinu za kuboresha ubora ambazo viwanda vya dunia vinajivunia? Na kama zinaweza, zianzie wapi?

Naamini zinaweza, ila si kupitia semina na vyeti, ambavyo ndivyo washauri wengi huvitanguliza. Mahali ambapo fundi wa leo huenda kesho akawa shimoni, mbinu inayokaa kichwani mwa mtu huondoka naye. Inayodumu ni ile iliyofungwa ndani ya kifaa na ndani ya utaratibu wa malipo.

Tuanze na mgodi wenyewe, maana ndio darasa kubwa la kiwanda ambalo eneo hili limewahi kuliona. Namoya, mawe yenye dhahabu yalipondwa, yakarundikwa, kisha yakanyunyiziwa maji yenye sianidi ili yapenye taratibu na kutoka na dhahabu. Mpango ulikuwa mzuri kwenye karatasi. Lakini chembe laini zilikuwa nyingi kuliko ilivyotarajiwa, na chembe laini huziba njia za maji. Ikabidi mtambo urekebishwe na kuwekwa mapipa ya kuzungusha mawe ili vumbi lishikane kuwa madonge kabla ya kurundikwa. Uzalishaji wa kibiashara ukaja kutangazwa kuanza Januari 2016, kwa kuchelewa. Kampuni yenye wahandisi, maabara na fedha za soko la hisa ilikwamishwa na kitu kile kile kinachoharibu zege la darasa la shule: udongo laini mahali ulipotakiwa mchanga. Nalitaja si kwa kuwacheka, ila kwa sababu linaondoa dhana kwamba ubora ni suala la ukubwa. Mkubwa akijikwaa, ana akiba ya kumwinua. Kampuni ya watu wanane haina.

Mgodi uliacha kitu kingine pia. Kama ilivyo kawaida ya migodi ya viwanda, waliofanya kazi pale walizoea mkutano mfupi kabla ya zamu, karatasi ya kukagua gari kabla ya kuwasha injini, na daftari la kila tukio. Baadaye yakaja mashambulizi ya kundi la wanamgambo la Mayi-Mayi Malaika, utekaji wa wafanyakazi, na Septemba 2019 Banro ikasimamisha kazi. Mgodi ulikuja kupata wamiliki wengine, lakini mazoea yale yalitawanyika pamoja na watu wake. Wapo leo mjini waliowahi kutia saini orodha ya ukaguzi kila asubuhi. Wakijenga nyumba, hawaitumii orodha yoyote. Hakuna aliyewaambia kwamba ni kazi ile ile.

Historia ya mbinu hizi haihitaji maneno mengi. Walter Shewhart alichora chati yake ya kwanza ya kudhibiti uzalishaji Marekani mwaka 1924. Mmarekani mwenzake, Deming, aliwafundisha Wajapani mbinu hizo mwaka 1950. Vikundi vya wafanyakazi vya kujadili ubora vikaanza kuundwa Japani mwaka 1962, na Masaaki Imai akaieneza kaizen, yaani kuboresha kazi kidogo kidogo bila kukoma, duniani kwa kitabu chake cha 1986. Mwaka uliofuata kikaja kiwango cha ISO 9001. Katika Afrika Mashariki, kaizen iliingia pia kwa njia ambayo wengi hawakuitarajia, yaani hospitalini: Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ilianza mwaka 2007 kwa msaada wa Japani, na wauguzi wakawa wanaimba sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia.

Ujenzi ni kiumbe tofauti. Lauri Koskela, Mfini aliyeandika ripoti yake huko Stanford mwaka 1992, alieleza kwa nini: jengo hujengwa mara moja tu, mahali pake, nje kwenye jua na mvua, na kundi la watu waliokusanywa kwa muda kisha wakaachana. Kiwandani kosa la leo hurekebishwa kwenye bidhaa ya kesho. Kwenye shantie, yaani mahali pa ujenzi, kosa la leo limefunikwa na zege la kesho. Ongeza juu yake hali ya kampuni ndogo, ambamo mtu mmoja ndiye mnunuzi, mweka hazina, msimamizi na mpatanishi wa ugomvi wa mafundi, na utaona kwa nini vitabu vya viwandani haviingii moja kwa moja.

Kuhusu ISO 9001 niseme wazi: kwa kampuni ya Salamabila ni anasa. Kiwango hicho hakisemi zege liwe na nguvu kiasi gani. Kinataka kampuni iweze kuonyesha kwamba ina taratibu na inazifuata. Ni jambo la maana kwa mwenye ofisi, karani na kabati la mafaili. Kwa mwenye simu moja na daftari lililolowa, fedha za cheti zingenunua mizani, koni ya bati na masanduku kumi, na kubaki.

Masanduku ya nini? Hapa ndipo penye kiini cha mambo, na nitakaa kidogo.

Jengo dogo la kusini mwa Maniema huharibikia katika hatua chache zinazojulikana, na karibu zote ni hatua ambazo zikishapita hazionekani tena: msingi uliofukiwa, zege la nguzo na lenta, nondo zilizo ndani yake, na mahali paa linapofungwa na ukuta. Chukua zege. Mchanganyiko wa kawaida ni simenti moja, mchanga mbili, kokoto nne. Kwenye shantie nyingi kipimo ni bruweti, yaani toroli, na bruweti ni kipimo kinachosema uongo: iliyojazwa hadi ikafanya kilima na iliyosawazishwa zaweza kupishana kwa robo nzima au zaidi, na asubuhi fundi ana nguvu za kujaza, jioni hana. Gunia la simenti la kilo 50 lina ujazo wa karibu lita 35. Sanduku la mbao lisilo na kitako, lenye sentimita 40 kwa 35 na kimo cha 25, lina lita 35 kamili. Gunia moja, masanduku mawili ya mchanga, manne ya kokoto, sawazisha kwa ubao, inua sanduku. Hata kibarua aliyeanza leo hawezi kukosea sana, na asiyejua kusoma hapungukiwi na kitu.

Lakini mchanga nao una hila zake. Ukiwa na unyevu kidogo tu, chembe husukumana na ujazo huongezeka, mara nyingine kwa robo. Hivyo sanduku la mchanga mbichi wa mtoni lina mchanga kidogo kuliko linavyoonyesha. Na kama umechotwa penye matope, una udongo laini, ule ule uliousumbua mgodi. Kipimo chake ni chupa ya plastiki, maji na chumvi kidogo: tia mchanga hadi nusu, jaza maji, tikisa kwa nguvu, acha kwa muda wa saa tatu. Mchanga utakaa chini na udongo juu yake kama utando. Utando ukizidi asilimia 8 hivi ya kimo cha mchanga, mchanga huo uoshwe au uachwe.

Baada ya hapo ndipo maji, adui mkubwa kuliko wizi wa simenti. Duff Abrams alionyesha mwaka 1918 kwamba nguvu ya zege hutawaliwa na uwiano wa maji na simenti. Gunia la kilo 50 linatosheka na lita 25 hadi 27, pamoja na yale yaliyomo mchangani. Fundi akizidisha hadi lita 35 ili zege liteleze vizuri, amepoteza theluthi ya nguvu au zaidi bila kuiba hata kijiko cha simenti, na nguzo itaonekana laini na nzuri. Dawa ni ndoo iliyotiwa alama ya rangi, na koni ya bati ambayo fundi wa mabati wa sokoni aweza kuitengeneza: kimo sentimita 30, mdomo wa chini 20, wa juu 10. Jaza zege kwa tabaka tatu, shindilia kila tabaka kwa fimbo ya chuma, inua koni, pima lilivyoporomoka. Kwa lenta na nguzo zinazoshindiliwa kwa mkono, sentimita 5 hadi 10 zinatosha. Zikizidi, kundi hilo la zege lisimwagwe kwenye nguzo.

Kisha zege linyweshwe maji, siku 7 kwa uchache. Hapa kuna jambo ambalo wageni hawalioni upesi. Kiangazi, ambacho ndicho msimu wa ujenzi kwa sababu barabara zinapitika, ndicho pia msimu ambao maji ni ya kubebwa kichwani na jua linakausha zege kabla halijashika. Kumlipa mtu wa kumwagia maji nguzo kwa wiki nzima huonekana kama kumlipa mtu kwa kucheza. Ndiyo kazi ya kwanza kufutwa pesa inapobana.

Simenti yenyewe hufika imechoka. Inaweza kuwa imetoka Kabimba, kando ya Ziwa Tanganyika karibu na Kalemie, au nchi jirani, ikapita mikononi mwa wengi: lori, ghala, lori tena, hatimaye pikipiki. Gunia lililokaa miezi mitatu penye unyevu limekwisha kupoteza sehemu ya nguvu yake hata kama halijaganda. Kampuni inayoandika kwa kalamu ya wino mzito tarehe ya kupokea kila gunia, ikaliinua juu ya mbao na kutumia la zamani kwanza, tayari imo ndani ya kaizen, ijapokuwa haijawahi kulisikia neno hilo.

Nondo ni hadithi ya mizani, na Salamabila hakuna mtu anayehitaji kufundishwa mizani. Kwenye meza za wanunuzi wa dhahabu watu hugombana kwa sehemu ya gramu, lakini nondo za darasa zima hushushwa kutoka kwenye lori bila hata moja kupimwa. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 inapaswa kuwa na uzito wa kilo 10.6 hivi, ya milimita 10, kilo 7.4. Inayouzwa kama 12 ikivuta kilo 8, muuzaji ameuza namba iliyoandikwa na kubaki na chuma. Mizani ya kuning'iniza ya sokoni inatosha kulimaliza jambo hilo kabla lori halijaondoka.

Paa nalo. Wenyeji wanajua kwamba bati la BG 32 ni jembamba kuliko BG 28, na bado tofauti ya bei ndiyo hushinda. Hata hivyo paa nyingi za shule haziondoki na upepo kwa sababu ya wembamba wa bati. Huondoka kwa sababu kenchi zimepigiliwa juu ya ukuta badala ya kufungwa na mikanda ya chuma iliyoachwa ndani ya lenta zege likimwagwa. Ukuta ukishapigwa lipu, nani atajua kama mikanda ipo? Kwa hiyo picha moja ya simu, iliyopigwa kabla ya zege na kutumwa kwa mwenye jengo, ina thamani kuliko ripoti ya kurasa 20 iliyoandikwa baadaye.

Ni kweli kwamba wazee wa huku walijua mengi bila koni wala mizani. Kasongo ya zamani, ile ya akina Tippu Tip na mwanawe Sefu iliyotwaliwa mwaka 1893 na majeshi ya Leopold, mfalme wa Ubelgiji, yakiongozwa na Dhanis, ilisifiwa hata na maadui zake kwa nyumba zake. Nyumba za udongo zenye paa lililotokeza mbele likawa baraza zilikinga kuta zake na mvua kwa ustadi ambao nyumba nyingi mpya za tofali za kuchoma, zenye paa lililokatwa hapo hapo ukutani ili kubana matumizi ya bati, zimeusahau.

Sasa turudi kwenye swali la kushika mbinu. Tuseme mwenye kampuni amefundishwa yote hayo na ameyakubali. Baada ya miezi sita yatakuwa wapi? Uchumi wa Salamabila unajibu: shimo likitoa, mafundi wanakwenda. Hakuna mshahara wa uashi unaoshindana na uvumi wa mshipa mpya. Kundi lililofundishwa mwezi wa Juni si kundi litakalomwaga zege Agosti. Washauri huiita hali hii tatizo la nidhamu, na kudai mafunzo zaidi. Mimi naiona kama hali ya hewa: haifundishwi, inajengewa paa. Sanduku la lita 35 linakumbuka kipimo hata mafundi wote wakiondoka. Ndoo yenye alama inakumbuka maji. Kijiti kilichokatwa sentimita 20 kinakumbuka nafasi kati ya pete za nondo. Kapita ndiye pekee anayehitaji kujua sababu, na ndiye wa kumshikilia kwa malipo mazuri, hata ikibidi kumpa sehemu ya faida.

Maniema ina mfano wake wa jambo hili, tena mkubwa, ingawa ni wa afya. Katika miaka ya 1970, Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp iliendesha mradi Kasongo pamoja na wahudumu wa Zaire. Vituo vya afya viliendeshwa na wauguzi, na badala ya kungoja madaktari ambao hawakuwepo, kazi iliwekewa maelekezo ya hatua kwa hatua, kadi za wagonjwa na usimamizi wa mara kwa mara. Kwa kumbukumbu hizo timu ya Kasongo iliweza kuchapisha mwaka 1981, katika jarida la Lancet, uchunguzi juu ya chanjo ya surua na uhai wa watoto ambao wataalamu wa dunia waliujadili kwa miaka. Ukiondoa dawa na kuweka simenti, swali ni lile lile: mtu wa mafunzo ya kawaida afanyeje kazi ya uhakika mbali na mtaalamu? Wajenzi wa Kasongo na Kabambare hawana haja ya kwenda Toyota kutafuta jibu.

Upande wa mipango, mbinu iliyotengenezwa kwa ajili ya ujenzi hasa ni ile ya Glenn Ballard na Greg Howell wa Marekani: kila wiki wanaofanya kazi wenyewe, si bosi, waahidi kazi wanazoweza kumaliza, na Jumamosi zihesabiwe zilizotimia. Walipoanza kuhesabu, waligundua kwamba hata kwenye miradi mikubwa ya Marekani ni nusu na kidogo tu ya kazi zilizopangwa kwa wiki ndizo zilizokamilika. Henry Alinaitwe wa Chuo Kikuu cha Makerere alipochunguza mwaka 2009 vikwazo vya mbinu hizo nchini Uganda, kupata vifaa kwa wakati unaotakiwa kulikuwa miongoni mwa vizito. Kama ni hivyo kwa Kampala, iliyo na lami, basi Salamabila ile kanuni ya viwandani ya kutoweka akiba ghalani ni ya kutupwa kabisa. Huku akiba ndiyo mpango. Kinachobaki na faida ni ahadi ya wiki na swali la Jumamosi: kazi ipi haikuisha, na kwa nini? Kapita akiandika sababu hizo kwa msimu mmoja, mwenye kampuni atashangaa kuona ni chache na zinajirudia: mchanga haukuletwa, pesa ya chakula ilichelewa, mbao za kufungia zege zilikuwa kwenye shantie nyingine.

Pesa ya chakula ilichelewa. Yafaa kuisoma sababu hiyo mara mbili, kwa kuwa hapo ndipo hoja za ubora huishia ukutani. Kampuni ndogo huishi kwa avansi. Mteja anatoa sehemu, vifaa vinanunuliwa, fedha inakwisha ukutani, kazi inasimama, mvua inanyesha juu ya ukuta usio na paa, na avansi ya mteja wa pili inamalizia nyumba ya wa kwanza. Katika mzunguko huo kila siku ya kunywesha zege maji ni siku ya deni. Huwezi kumhubiria mtu kuhusu siku 7 wakati malipo yake yanafuata kimo cha ukuta, maana ukimlipa kwa kimo atakuletea kimo. Malipo yakifuata hatua zinazofichika, yaani msingi kabla haujafukiwa, nondo kabla hazijamwagiwa, mikanda ya paa kabla ya lipu, ubora unakuwa njia fupi ya kupata pesa. Hayo ni mageuzi ya mkataba wa ukurasa mmoja, na yako mikononi mwa mlipaji.

Walipaji wakubwa ni akina nani? Serikali, kupitia Mpango wa Maendeleo wa teritwari 145 ulioanza kutekelezwa mwaka 2022 chini ya taasisi tatu, PNUD, BCECO na CFEF, ukiahidi kila teritwari shule, vituo vya afya na jengo la utawala. Nchini kote shantie zake nyingi zimechelewa, na kampuni za mahali zimelaumiwa, wakati mwingine kwa haki. Kanisa na mashirika ya misaada. Na mgodi. Sheria ya 2017 inatenga kazi za ukandarasi mdogo, zile ambazo kampuni kuu huwapa wengine, kwa kampuni ambazo sehemu kubwa ya mtaji wake imo mikononi mwa Wakongomani. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inawapa watawala wa mahali asilimia 15 ya mrabaha, na inamtaka mwenye mgodi atenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa miradi ya jamii. Fedha hizo zikija, nyingi hugeuka matofali. Anayezishika ana uwezo wa kufundisha ubora kuliko semina yoyote: kwa kuandika ndani ya mkataba sanduku, koni na mizani, kwa kulipa mapema hatua iliyokaguliwa, na kwa kuzuia kiasi kidogo hadi mvua za msimu mmoja zipite. Anaweza pia kufanya kinyume chake, kumpa kazi aliyetaja bei ya chini kuliko gharama ya simenti, kisha akashangaa.

Wapo watakaosema tatizo ni ukosefu wa usajili na ukaguzi, kwamba tufunge milango kwa wasio na vyeti. Wayatazame majiji yenye sheria nyingi kuliko Salamabila. Dar es Salaam, ambako Bodi ya Usajili wa Makandarasi imekuwepo tangu 1997, jengo la Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka tarehe 29 Machi 2013 na kuua watu 36. Kariakoo ikafuata Novemba 2024. Nairobi, miaka mitano baada ya sheria ya 2011 iliyounda mamlaka ya ujenzi, jengo la Huruma lilianguka usiku wa mvua. Hata Kongo, sheria ya mikataba ya tarehe 30 Julai 1888, enzi za Leopold, inambebesha mjenzi dhamana ya miaka 10 jengo likianguka kwa kasoro ya ujenzi au hata ya ardhi. Miaka 10! Nani Kabambare amewahi kuitumia? Kampuni nyingi hazidumu nusu ya muda huo. Usajili una faida zake, lakini huku ungeanza kwa kuwafukuza mafundi wazuri wasio na karatasi na kuwaacha wenye karatasi wasio na mafundi.

Hoja nyingine ina uzito zaidi: kwamba haya yote ni gharama. Uchunguzi maarufu wa Nicholas Bloom na wenzake katika viwanda vya nguo karibu na Mumbai, uliochapishwa mwaka 2013, ulionyesha usimamizi bora ukiongeza tija kwa asilimia 17 katika mwaka wa kwanza, lakini viwanda vile vilipewa washauri wa kimataifa kwa miezi, bure. Hakuna atakayewaleta washauri hao Salamabila. Kilichopo cha kuhesabia ni kidogo na cha karibu. Mita moja ya ujazo ya zege la 1:2:4 hula magunia 6 na kidogo. Kampuni isiyopima haijui kama imetumia matano au manane. Ikitumia matano jengo ni dhaifu, ikitumia manane faida imemezwa, na kwa kuwa kila gunia limelipiwa usafiri mrefu, gunia la ziada ni ghali mno. Inayopima inaweza kutoa bei ya kweli kabla ya kuanza na kuagiza simenti mara moja badala ya mara tatu. Mwenye kampuni akionyeshwa hesabu hiyo, hahitaji kubembelezwa kuhusu ubora.

Kuna yasiyopimika kwa sanduku. Silaha zikisikika, shantie hufungwa na zege nusu hubaki nusu, na mtu aliyekimbia na familia yake hawezi kuulizwa kuhusu kunywesha nguzo maji. Kwa hiyo kazi ipangwe kwa vipande vinavyoweza kuachwa salama: msingi mzima, kisha ukuta hadi lenta, kisha lenta yote kwa siku moja, pasiwe na hatua inayoachwa katikati zaidi ya siku chache. Kuta zisizo na paa zifunikwe kichwa. Hilo nalo lafaa kuandikwa kwenye mkataba, na mlipaji akubali kulipa kipande kilichokamilika hata kama jengo halijaisha.

Iwapo chama cha mafundi, parokia au ofisi ya sekta ingetaka kuanza msimu huu wa kiangazi, orodha ya manunuzi ni fupi: mbao za masanduku mawili kwa kila kampuni, bati la koni moja ya kuazimana, mizani ya kuning'iniza ya kilo 50, ndoo za rangi na chupa tupu. Jengo la kwanza lingefaa liwe la umma, tuseme vyumba vitatu vya darasa, ili kila mwenye kampuni aje kutazama siku ya kumwaga lenta. Mchemraba wa zege wa sentimita 15 ungemiminwa siku hiyo, ukalowekwa siku 28 na kupelekwa kwenye maabara yenye mashine ya kuuvunja. Maabara iko mbali, na nauli ya kuupeleka haimo kwenye bajeti ya mtu yeyote. Hapo ndipo sehemu ndogo ya ile asilimia 15 ingeanza kufanya kazi.